Sanda ya Babu Vuai

Mke wa mwanangu, Mungu amzidishie, ni mtu wa kuleta zawadi. Anafanya kazi katika hoteli moja huko Kiwengwa, na kila akija mjini mkono wake haukosi kitu. Wiki iliyopita aliniletea sabuni ya karafuu iliyofungwa kwa ukindu, ile wanayowauzia wageni kwa bei ya kilo ya nyama. Nikaipokea, nikashukuru, nikainusa. Bora ningeiacha ndani ya ukindu wake. Harufu ilinipanda puani mpaka machozi yakanilengalenga, nikaenda kuiweka nje, juu ya ukuta wa uwani. "Mama," akaniuliza asubuhi, "Mzanzibari gani asiyependa karafuu?" Nikamwambia yupo, ni mavyaa wako huyu anayekunywa chai.

Yeye alikuwa na haraka ya kuwahi gari, sikumweleza zaidi. Nyinyi mna nafasi, basi kaeni niwahadithie.

Kwa watu wengi karafuu ni harufu ya pilau, ya chai ya maziwa, ya nyumba yenye shughuli. Wageni nao hupelekwa Kidichi wakanusishwa majani, wakaambiwa zao hili ndilo lililovitajirisha visiwa vyetu. Ni kweli. Ila sijapata kumsikia mtembezaji hata mmoja akisema lilimtajirisha nani. Kwangu mimi karafuu ni harufu ya kanga za Bibi Kazija, mama wa mama yangu, aliyenilea. Alizifua kwa sabuni ya mche, akazianika juani siku nzima, na bado jioni ukijifunika nazo unanusa karafuu, maana harufu ile ilikuwa imeshaingia kwenye ngozi yake na haikuwa ikitoka.

Mama yangu aliolewa mara ya pili Pemba, akaniacha kwa Bibi nikiwa sijaota meno ya ukubwani. Tulikaa shamba, mbele ya Kidichi kidogo, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Palikuwa petu. Baada ya Mapinduzi serikali iliyagawa mashamba ya matajiri, kila mkulima eka tatu, na Bibi akapewa zake palepale alipokuwa akiishi kwa hisani ya mwenye shamba. Eka zile zilikuwa na minazi michache na mikarafuu ya kutosha. Kila msimu tulichuma, tukaanika kwenye majamvi, tukauza serikalini. Mkarafuu mmoja tu, uliokuwa karibu na kisima, hatukuugusa. Karafuu zake zilichanua, zikaiva, zikaanguka zenyewe, na kuku wakazitifua. Mtu akiuliza kwa nini, Bibi alijibu kwamba ule una sisimizi. Mikarafuu yote ilikuwa na sisimizi.

Kuhusu siku za wiki, mimi nilikua nikidhani dunia nzima huamka kabla ya alfajiri siku ya Alhamisi. Siku hiyo Bibi aling'oa muhogo gizani, akachuma mbaazi, akakata ndizi, akapanga vyote katika vikapu viwili, kikubwa chake na kidogo changu. Skuli yetu ilikuwa na zamu mbili na mimi nilikuwa zamu ya mchana, lakini Alhamisi sikufika, na mwalimu alikwishazoea. Mpaka leo hesabu za kugawanya zinanitoa jasho. Nadhani zilisomeshwa Alhamisi.

Tulipanda gari la shamba mpaka Darajani, tukaingia kwa miguu Mji Mkongwe, tukapita vichochoro mpaka Kiponda, kwenye nyumba ya ghorofa ya Bi Zuwena. Huyu ndiye aliyekuwa mke wa mwenye shamba letu la zamani. Mumewe aliondoka wakati wa Mapinduzi, akafia ng'ambo ya bahari, na yeye akabaki peke yake katika nyumba ile iliyokuwa ikimong'onyoka. Chokaa ilidondoka ngazini, na chumba kimoja dari yake ilikuwa imeanguka zamani, kikafungwa mlango kama kwamba hakipo. Lakini chumba chake mwenyewe kilikuwa na samadari, kile kitanda kirefu cha kizamani, na kulikuwa na harufu ya udi na tambuu, na upepo wa bahari ukiingia dirishani. Kwa mtoto wa shamba ilikuwa pepo.

Bibi alipanda ngazi, akavua viatu mlangoni, akainama. "Shikamoo, Bibi." Na Bi Zuwena, kutoka juu ya samadari, "Marahaba, Kazija." Mimi nilikuwa nimefundishwa kwa kofi kwamba shikamoo ni ya mkubwa. Na macho ninayo: Bibi yangu alikuwa na mvi kichwa kizima, na Bi Zuwena alikuwa na mvi za kuhesabu. Nilimuuliza Bibi siku moja ni nani mkubwa kati yao. Akanambia nifunge mdomo nisije nikaingiwa na nzi.

Kisha kazi ilianza. Maji yalikuwa chini kwenye bomba la uwani, na Bibi alipandisha ndoo mpaka juu, ngazi zile zilizokuwa zimesimama wima. Alisugua sakafu kwa makumbi ya nazi. Alifua, akatwanga, akakuna nazi, akapika chakula cha siku mbili. Mwisho alikaa chini kwenye mkeka akamkanda Bi Zuwena miguu kwa mafuta ya nazi, huku yule akisimulia habari za mtaa. Mimi nilipewa kipande cha halua juu ya karatasi. Nilimpenda Bi Zuwena, nisiwaongopee. Hakupata kumpandishia Bibi sauti wala kumtukana. Alikuwa na maneno laini, mkono wa halua, na ulimi wenye jina la Mungu wakati wote.

Tulipokuwa tukiondoka, Bibi alisimama mlangoni, akajitanda kanga yake vizuri, akauliza jambo lilelile.

"Bibi, na lile deni la marehemu?"

"Lipo, Kazija. Moyo wangu bado."

"Inshaallah, Bibi."

"Inshaallah."

Walisema hivyo kwa utulivu, namna watu wanavyoulizana kama mvua itanyesha. Mara ya kwanza nilipopata ujasiri nilimuuliza Bibi, tukiwa njiani, marehemu ni nani. Akasema ni babu yako, Vuai. Mie Babu Vuai sikumjua, alikufa mama yangu akiwa bado tumboni. Nikajiuliza alikopa nini kikubwa hivyo kisicholipika. Nikakata shauri kwamba alikopa ng'ombe. Baadaye nikaona ng'ombe hatoshi, nikafanya baiskeli.

Lakini chuoni, kwa maalimu wetu, nilisikia jambo lililonitia hofu. Tulifundishwa kwamba maiti mwenye deni roho yake haipumziki, inazuiliwa mpaka alipiwe au asamehewe na anayemdai. Mimi nikamwona babu yangu kwa macho ya kitoto, ananing'inia kwa kamba kati ya mbingu na ardhi, anatazama chini, anatusubiri. Tangu siku hiyo sikulalamika tena kubeba kikapu. Tulikuwa tukimshusha babu, kidogokidogo, kila Alhamisi kwa muhogo na mbaazi.

Aliyenifumbua macho alikuwa Mjomba Haji, mtoto wa kwanza wa Bibi. Alikuwa hamali bandarini na nyumba yake mtaa wa Ng'ambo, mtu wa mabega mapana na maneno machache, ila akikasirika maneno yalikuja yote kwa pamoja. Alikuja shamba siku ya pili ya Idi, akamkuta Bibi na homa anapanga vikapu vya Alhamisi. Mimi nilikuwa napeta mchele barazani. Walidhani sisikii.

"Mama, hivi weye hata ukiwa mgonjwa?"

"Alhamisi haiumwi, Haji."

Basi hapo yakamtoka, na ndivyo nilivyoijua habari nzima. Babu Vuai hakukopa ng'ombe wala baiskeli. Alikuwa mkaazi katika shamba la watu, analima muhogo wake chini ya mikarafuu yao kwa sharti la kuwachumia msimu ukifika. Mwaka huo mvua ilikuwa karibu, nokoa, yaani msimamizi wa shamba, akawahimiza wamalize miti iliyobaki. Tawi la mkarafuu halina ahadi, linakatika bila kulia. Babu alianguka kutoka kwenye mti ulio karibu na kisima, asubuhi, na adhuhuri haikumkuta hai. Nyumbani hapakuwa na kitu. Bi Zuwena, wakati huo bibi harusi aliyekuja shamba kutazama msimu, akafungua sanduku lake akakata bafta, kitambaa cheupe cha sanda, akatoa na mchele wa matanga. Watu walimwombea dua kwa wema ule. Bibi yangu alimbusu mikono.

Matanga yalipoondoka ndipo nokoa alipokuja mlangoni. Akasema sanda ya marehemu ni deni, na maskini hulipa kwa mikono, na asiyetaka kulipa avunje kibanda chake aondoke na watoto wake. Bibi alikuwa na mimba ya mama yangu. Aende wapi? Akapalilia mikarafuu yao bila ujira. Msimu ulipofika, wenziwe waliochambua karafuu walilipwa kwa pishi, na pishi zake yeye zikaingia kwenye sanda. Mtoto akiumwa akapewa dawa, dawa ikaongezwa juu ya sanda. Idi akipewa kanga, kanga nayo juu ya sanda. Waswahili wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa Bibi yangu kukopa kulikuwa matanga, na kulipa kukawa matanga, na harusi hakuiona hata siku moja.

Yakaja Mapinduzi. Shamba likagawiwa, nokoa akatoweka, na Bibi akapiga vigelegele na wenziwe. Haji anasema alidhani yamekwisha. Alhamisi iliyofuata akamkuta mama yake anajaza kikapu, anauliza watu Bi Zuwena kahamia mtaa gani mjini.

"Serikali imechukua shamba," alimwambia. "Haikuchukua sanda. Sanda Vuai kaondoka nayo."

Siku ile ya Idi, Mjomba Haji hakubishana tena. Alimaliza kusema, akatoka, asirudi shamba kwa muda mrefu. Kumbe alikuwa akiweka pesa. Alibeba magunia mpaka mabega yakachubuka, na Alhamisi moja tukamkuta anatusubiri chini ya nyumba ya Bi Zuwena, kavaa kanzu iliyopigwa pasi. Bibi alitaka kumrudisha, lakini Haji alikwishapiga hodi.

Alikaa kwa adabu, akasalimia kwa adabu, akafungua leso yake na kuweka pesa juu ya mkeka. "Bibi," alisema, "hii ni thamani ya bafta, na mchele, na kanga, na dawa, na nimezidisha. Nakuomba upokee, utamke kwamba baba yangu hana deni."

Bi Zuwena hakuzitazama zile pesa. Alimtazama Haji usoni, akatabasamu.

"Kwani mie n'na duka, Haji? Nilimpa mama yako sanda kutoka sandukuni mwangu. Sikumuuzia."

"Kama hukumuuzia, mbona anakulipa mpaka leo?"

"Muulize yeye. Mie nimemwita?" Akamgeukia Bibi. "Kazija, nimewahi kutuma mtu kukuita?"

"Hapana, Bibi," akajibu Bibi yangu, macho chini.

"Umesikia. Akitaka kuacha, mlango uko wazi. Ila mnanitaka niseme moyo wangu umeridhika, na moyo wangu haujaridhika. Nimwongopee Mungu kwa ajili yenu?" Akashusha pumzi. "Lakini ndivyo ulimwengu ulivyo. Shukrani ya punda ni mateke."

Haji alisimama. Mishipa ya shingo ilimtoka, na mimi nilijibana ukutani na halua yangu mkononi. Lakini Bibi alimshika mkono, akamlazimisha aombe radhi. Mtu mzima yule, mwenye watoto, aliomba radhi. Akaokota pesa zake akateremka ngazi, na hakuikanyaga tena nyumba ile kwa muda mrefu. Usiku Bibi aliniambia kwamba mjomba wangu ana moyo mzuri ila ana haraka, na kwamba Bi Zuwena karibu atalainika. Nikamwamini. Na mimi, mtoto mjinga, nilimkasirikia Haji, kwa sababu Alhamisi ile sikupewa halua ya kwenda nayo nyumbani.

Miaka miwili au zaidi ilipita, kikapu kikawa kikubwa kidogo kila mwaka na mimi pamoja nacho. Kipupwe kimoja Bi Zuwena akashikwa na maradhi ya kifua. Ndugu zake waliobaki walikuwa mbali, na wale aliowasomesha Kurani mtaani walikuja wakamtazama wakaenda zao. Bibi alihamia kwake. Alifunga nyumba ya shamba, akanichukua na mimi maana skuli zilikuwa zimefungwa, tukalala chini ya samadari yake kwa wiki kadhaa. Alimlisha uji kwa kijiko. Alimgeuza, akamsafisha, akamfulia yale yasiyosemeka, na hakukunja uso. Jirani mmoja alisema mapenzi namna hii hajayaona hata kwa mtoto na mama yake. Bibi akamgeuza mgonjwa upande wa pili.

Nilikuwa najua anachosubiri. Kila asubuhi, akishamtia udhu, alipiga magoti pembeni ya kitanda akamwambia kwa sauti ya chini, "Bibi, lile neno. Sema basi, Bibi. Mwachie Vuai apumzike." Mimi nilikuwa nikiacha kila ninachofanya nikasikiliza. Siku nyingine Bi Zuwena alifumba macho. Siku nyingine alisema nikipoa tutazungumza. Asubuhi ya mwisho alikuwa macho, na akili yake timamu kabisa, alimjua kila mtu. Bibi akauliza. Bi Zuwena akageuza uso ukutani.

"Nipe maji, Kazija," alisema.

Bibi akampa maji. Jua lilipopanda juu ya mapaa, akafa.

Nimekwishaona watu wakilia, lakini kilio cha Bibi siku ile kiliwashangaza hata wanawake wa mtaa waliokuja kukaa na maiti. Alijipiga kifua akasema, "Kaondoka nalo! Kaondoka nalo!" Wao walidhani analia mapenzi. Wakambembeleza, wakamwambia huyo ndiye mja mwema, mtumishi mwenye imani.

Mchana akafika mpwa wa Bi Zuwena kutoka Dar es Salaam, jina lake Nassor, bwana mmoja mpole mwenye miwani. Yeye ndiye jamaa pekee aliyeweza kuwahi. Akaulizia sanda. Wakubwa mtanielewa: zilikuwa zile siku za dhiki, madukani hakuna kitu, hata mtu akifa bafta ni ya kuhangaikia. Nassor alizunguka Darajani akarudi mikono mitupu na uso umemshuka. Wanawake wakaanza kunong'ona kama maiti azikwe kwa shuka.

Hapo nikamwona Bibi ananyanyua kichwa. Alifuta uso kwa upindo wa kanga, akanituma nikimbie Ng'ambo nimwite Mjomba Haji. Haji alipokuja, akamwambia apande gari aende shamba, chini ya kitanda kuna sanduku, ndani kuna kitu kimefungwa kwa kanga nyeupe, akilete bila kukifungua. Wanawake wakatazamana. Kila mzee wa kwetu aliyejaaliwa huweka sanda yake mwenyewe, na Bibi alinunua yake mara tu alipouza karafuu za kwanza za eka zake. Ilikuwa na kafuri ndani. Alisema hata siku moja hatazikwa kwa bafta ya mtu.

Haji alirudi nayo kabla ya laasiri. Akampa mama yake, akatema mate barabarani, akaenda kukaa na wanaume.

Bibi alimwosha Bi Zuwena pamoja na wale wanawake wawili wanaoijua kazi hiyo. Walipomvika, mimi nilikuwa mlangoni na kijungu cha udi. Bibi aliinama sikioni kwa maiti, akamwambia maneno ambayo nadhani niliyasikia mimi peke yangu. "Sanda kwa sanda, Bibi. Ulinipa, nimekurudishia. Leo tumelipana." Alipoinuka uso wake ulikuwa umekunjuka. Sikuwa nimepata kumwona hivyo. Alikuwa mwanamke mzuri, Bibi yangu, na mie siku zote nilidhani ni mzee tu. Akaniona namtazama, akanikonyeza. Siku ya maiti, ndani ya chumba cha maiti, Bibi Kazija alinikonyeza.

Jeneza likateremshwa ukumbini. Kama ilivyo ada, kabla halijatoka, mzee mmoja aliinua sauti: marehemu alikuwa mtu wa watu, aliyemkosea amsamehe, na mwenye kumdai ajitokeze sasa, jamaa zake wako hapa. Hakujitokeza mtu. Sisi wanawake tulikuwa juu, tumejipanga ngazini. Nikasikia mtu anamnong'oneza Nassor, na mara Nassor akapanda ngazi, akasimama hatua chache chini yetu, macho yake chini kwa heshima.

"Bibi Kazija ni yupi?"

"Ni mimi, baba."

"Nimeambiwa bafta ni yako. Mungu akulipe. Lakini shangazi yangu hawezi kuzikwa na deni." Alikuwa na noti mkononi tayari. "Chukua hizi. Kama hazitoshi, sema."

"Sitaki pesa, baba. Sanda hii si ya kuuza. Ni ile."

"Ile ipi?"

Bibi alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta pa kuanzia. "Ya mume wangu," alisema. "Bibi alinipa, mie nimemrudishia."

Nassor alimtazama kwa huruma, namna unavyomtazama mtu aliyechanganyikiwa na msiba. "Hayo mimi siyajui, Bibi. Ninachojua ni hiki, shangazi kavaa nguo ya mtu na lazima ilipwe. Tafadhali, jeneza linasubiri." Akamshika mkono, akamfumbatisha zile noti.

"Pokea, Kazija!" wanawake wakasema nyuma yetu. "Usimzuie maiti!"

Bibi alisimama na noti zile. Sikuelewa kwa nini hazifungi kwenye upindo wa kanga. Nilizitazama, nikaona ni nyingi, nikafurahi. Niliona tumepata.

"Umeridhika, Bibi?" akauliza Nassor. "Sema, watu wasikie."

Na Bibi yangu, ambaye hakuweza kumzuia maiti wa mtu hata kwa dakika moja, akasema, "Nimeridhika."

Nassor akashukuru, akateremka. Jeneza likatoka, na takbiri zikafifia kichochoroni. Deni la sanda ya Bi Zuwena lilidumu kuanzia kabla ya laasiri mpaka watu walipokwenda kumsalia. Likalipwa kwa pesa, na moyo ukaridhika palepale.

Jioni tulirudi shamba. Nilimuuliza njiani kama sasa tumemaliza. Bibi alisema, "Wao wamemaliza." Zile noti alizitoa sadaka msikitini Ijumaa iliyofuata kwa jina la Babu, na Haji alipojua alikaa kitako chini uwani akaweka kichwa kati ya magoti.

Alhamisi zikawa siku kama nyingine. Nilirudi skuli. Bibi aliishi miaka michache baada ya hapo, na kila mtu aliyekuwa akienda Dar alimpa ujumbe: ukimwona Nassor mwambie kuna deni la sanda, yeye ndiye mrithi, aseme kasamehe. Nani angempata Nassor katika Dar nzima? Aliyempata, kama alikuwepo, hakurudi na jibu. Bibi alikufa akiuliza. Akazikwa nyuma ya nyumba, karibu na mumewe.

Mimi niliolewa, nikahamia mjini, nikazaa. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu siku nilipohudhuria darsa ya wanawake na shekhe akasomesha habari za maiti na haki zake. Alipomaliza nikamuuliza, nikijifanya ni habari ya jirani: mtu kafa hana kitu, tajiri akatoa sanda, deni la sanda hiyo linalipwaje? Shekhe alikunja uso kama aliyeulizwa jua linachomoza upande gani.

"Deni gani, mama? Sanda inakatwa mtu akishakufa. Maiti hakopi. Asiye na kitu, sanda yake ni wajibu wa Waislamu wenye uwezo, na mjane wake hadaiwi hata uzi."

Wanawake wakaendelea na maswali yao, na mie masikio yameniziba. Maiti hakopi! Jambo dogo kama hilo, ambalo mtoto angeweza kulifikiria. Babu alianguka kutoka kwenye mti wao, akiwa na karafuu zao begani, na hakudaiwa. Wao ndio waliokuwa wakidaiwa, damu yake na ujira wa mkewe. Na Bi Zuwena alikuwa msomi wa dini. Alimtazama Bibi yangu akisugua sakafu yake ujana wake wote na uzee wake, akamwambia moyo wangu bado. Sijamsamehe. Msinambie amekwishakufa, najua, nilishika kijungu cha udi. Sijamsamehe.

Kesho yake nilikwenda shamba peke yangu. Nilikuwa na habari njema mdomoni, habari aliyoisubiri maisha yake yote: kwamba Vuai alipumzika siku ileile aliyozikwa, kwamba hakuning'inia popote. Niling'oa majani juu ya makaburi yao, nikakaa chini, nikasema, "Bibi."

Nikashindwa. Maana ningemwambia hilo, ningekuwa nimemwambia na la pili, kwamba ndoo zote zile alizipandisha bure. Nikamsomea Fatiha yeye na mumewe, nikapangusa kanga yangu, nikarudi mjini.